Sura ya Sita: Mwenye Mfuko

Gemu ya vita mimi huipima kwa jinsi inavyomtendea aliyeanguka. Bunduki siku hizi zote zinalia vizuri. Moshi unapendeza, vioo vinapasuka kwa ustadi, na kampuni yoyote yenye fedha inaweza kukuangushia ghorofa mbele ya macho. Lakini mtu akipigwa akalala chini, kinafuata nini? Katika gemu nyingi za aina hii hakifuati kitu: skrini inakuwa nyeusi, unasubiri sekunde chache, unatokea upya kona nyingine ya uwanja na habari yako imeisha. Battlefield 6, iliyotoka tarehe 10 Oktoba 2025, imeshika njia nyingine, ndiyo maana nimeipa sura nzima.

Kwa msomaji asiyezijua gemu hizi, ni zile ambazo humwoni mtu wako. Unaona mikono miwili, bunduki, na dunia iliyo mbele, kwa macho ya askari mwenyewe. Mfululizo wa Battlefield ulianza mwaka 2002 na Battlefield 1942, kazi ya studio ya DICE ya Stockholm, na tangu siku hiyo sifa yake ni ukubwa: viwanja vipana, vifaru, ndege, na watu wengi kwa wakati mmoja. Hii mpya imetengenezwa na studio nne kwa pamoja, DICE, Criterion, Motive na Ripple Effect, chini ya usimamizi wa Vince Zampella, ambaye miaka ya nyuma alikuwa miongoni mwa walioianzisha Call of Duty, mshindani mkuu wa Battlefield. Ndani ya siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni saba.

Kilichonishika kwanza ni sauti. Vaa hedifoni nzuri, zima feni, sikiliza. Risasi iliyopigwa ndani ya chumba inagonga kifua. Ileile ikipigwa ng'ambo ya mtaa inafika kavu, imechelewa kidogo, na sikio linakwambia umbali kabla jicho halijaona kitu. Kilichonishika baadaye ni kuta. Nyumba unayojificha ndani yake ni ya muda tu. Kifaru kinapiga ukuta wa mbele, sakafu ya juu inaning'inia, vumbi linajaa, na mlango uliokuwa ukiulinda haupo tena. Kila askari amepewa nyundo kubwa, na nimewaona wachezaji wakiiacha milango kabisa, wakitoboa njia yao kutoka chumba hadi chumba, wakatokea nyuma ya watu waliokuwa bado wanalenga ngazi.

Hapa Dodoma, vijana wengi wakisema wanacheza gemu wanamaanisha mpira. Ingia kibanda chochote cha gemu, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, utakuta runinga mbili tatu, PlayStation 4 iliyochoka, pedi zilizozungushiwa selotepu, na vijana wawili wakimalizana, mmoja Madrid mwingine City. Biashara ya kibanda inakwenda kwa mechi. Dakika chache, aliyefungwa ananyanyuka, mwingine anakaa, hela inaingia. Gemu ya vita haikai katika hesabu hiyo. Mechi moja ya Battlefield inaweza kwenda nusu saa, wawili hawawezi kuicheza kwenye runinga moja, na inataka intaneti mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana vita vyetu vilihamia kwenye simu. Free Fire, iliyotengenezwa iwe nyepesi kwa simu za bei ndogo, PUBG Mobile, na Call of Duty: Mobile iliyofika mwaka 2019, ndizo zilizowafundisha vijana wa Chang'ombe na wanafunzi wanaopanga Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu, kulenga kwa dole gumba. Hao wamepevuka. Nimewahi kukaa na kijana wa mwaka wa kwanza ambaye kwenye skrini iliyopasuka pembeni alikuwa akifanya mambo ambayo mimi kwa kipanya na kibodi siyawezi.

Kuipata Battlefield 6 yenyewe ni safari. PlayStation 5 zipo mjini, lakini mtandao wa Sony hauitambui Tanzania katika orodha ya nchi unazozihudumia. Mwenye mashine hiyo hufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine, mara nyingi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hununua kadi za malipo za huko. Jambo hili si dogo. Mei 2024 gemu nyingine ya vita, Helldivers 2, iliondolewa sokoni kwa watumiaji wa kompyuta katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu tu Sony ilitaka kila mchezaji awe na akaunti ambayo nchi hizo haziruhusiwi kuwa nayo. Tanzania ilikuwa humo. Mtu anapigwa mlango usoni na dirisha la usajili, bila kosa lolote isipokuwa mahali alipozaliwa, na hakuna wa kumlalamikia.

Mimi natumia kompyuta, nikanunua kupitia duka la Steam kwa kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka pochi ya simu. Bei ilikuwa dola 69.99, karibu shilingi 170,000 kwa viwango vya mwezi ule. Halafu kuna kompyuta yenyewe. Mashine nyingi za mezani tunazotumia ni mitumba, zimestaafu kwenye ofisi za Ulaya au zimepitia Dubai, na gemu hii inataka kadi ya picha isiyopungua RTX 2060, RAM ya gigabaiti 16, na jambo moja lililowakwamisha wengi hata kabla ya kupakua: Secure Boot lazima iwe imewashwa. Hiyo ni kinga inayohakikisha kompyuta inapoamka hakuna programu ya kificho iliyotangulia mbele ya Windows. Mfumo wa EA, kampuni inayomiliki Battlefield, wa kuzuia wadanganyifu, unaoitwa Javelin, hukataa kuanza bila hiyo.

Fundi aliyenisaidia, karibu na Jamatini, alishawatengenezea watu kadhaa wiki ileile. Alianza kwa kuuliza kama nina mahali pa kuhifadhi mafaili yangu. Kisha akafungua Windows na kuangalia diski imegawanywa kwa mtindo gani. Ilikuwa ule wa zamani, MBR, na Secure Boot haikai na MBR, hivyo akaigeuza kuwa GPT kwa amri moja ndefu aliyoiandika kwa kichwa, bila kutazama popote. Akazima, akawasha huku kidole kikigonga kitufe cha Delete mfululizo, ukatokea ukurasa wa bluu wa BIOS, akashuka chini hatua kwa hatua akinionyesha: hapa zima CSM, hapa washa, hapa rudisha funguo za kiwandani. "Sasa usije ukamwachia mtoto aguse humu," akasema, akahifadhi. Mashine iliamka. Kulikuwa na watu wawili nyuma yangu kwenye foleni, nao wamebeba kompyuta zao kwa sababu hiyohiyo.

Ukishaingia, unakutana na umbali.

Dodoma ni katikati ya nchi, na kwa gemu hizi katikati ya nchi ni mbali na kila kitu. Ninapobonyeza kitufe cha kupiga, habari hiyo inatoka chumbani kwangu, inashuka kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Dar es Salaam, kilomita 450 hivi, inaingia baharini kwenye nyaya za chini ya bahari ambazo wa kwanza wao, SEACOM, ulitua Dar mwaka 2009, kisha inapanda hadi seva, ambayo kwangu mara nyingi ilikuwa Ulaya. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi London kwa mstari mnyoofu ni zaidi ya kilomita 7,000. Hata pasingekuwa na kona hata moja wala mtambo wowote njiani, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 70 na ushee. Nyaya haziendi mnyoofu, mitambo ni mingi, na pingi yangu, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, ilicheza kati ya milisekunde 150 na 200 hata usiku wa manane ambapo mtandao umetulia.

Msomaji atasema sehemu ya tano ya sekunde ni nini? Chukua bunduki yenye kasi ya risasi 800 kwa dakika. Kati ya risasi ya kwanza na ya nne haipiti robo ya sekunde, na kwa karibu risasi nne au tano zinatosha kumlaza mtu. Kwa hiyo ninapomwona adui akichungulia kona, huko seva yeye ameshachungulia zamani, ameshanilenga, na pengine nimeshakufa ila habari haijanifikia. Seva inajitahidi kuwa ya haki: inarudisha saa nyuma kidogo kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza. Ndiyo maana mara kwa mara unarukia nyuma ya ukuta, unauona ukuta uko mbele yako, unashusha pumzi, halafu unaanguka. Kwako ulifika. Kwake ulikuwa bado uwanjani. Wote wawili mnasema kweli.

Mapambano ya uso kwa uso, basi, si kazi ya mtu wa Dodoma, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda gemu hii kwa dhati. Imegawa askari katika kazi nne: mshambuliaji, fundi wa magari na mitambo, mpelelezi, na msaidizi. Msaidizi hubeba bunduki nzito, mfuko wa mahitaji na mashine ya kushtua moyo. Akiutupa mfuko chini, wenzake wakiusogelea wanaongezewa risasi na majeraha yao yanapona. Askari wa kawaida anaweza kumwinua mwenzake wa kikosi chake cha watu wanne. Msaidizi anamwinua yeyote wa upande wake, tena haraka. Kazi hii haiulizi kidole chako kina kasi gani. Inauliza kama unajua wenzako wako wapi, nani kaishiwa, nani kalala, na njia ipi haionekani kutoka dirisha lile la ghorofa ya pili. Mtu anayeona kwa kuchelewa bado anaweza kuwa wa kwanza kufika.

Kikosi chetu kina watu wawili wa kudumu, mimi na ndugu yangu mmoja anayeishi Muscat, mtoto wa mama mdogo. Yeye pingi yake ni nzuri kuliko yangu, hivyo ndiye mshambuliaji. Nafasi nyingine mbili hujazwa na yeyote ambaye mfumo utatupa, na humo tumesikia Kifaransa, Kiarabu, Kirusi, na mara chache sana, kwa furaha kubwa, Kiswahili cha Mombasa. Tuko kwenye uwanja wa Cairo, vichochoro vyembamba, vibanda vya soko vimepinduka, kifaru kinanguruma mtaa wa pili. Ndugu yangu anavuka kwenda kushika alama iliyo katikati.

"Kaka, niko chini! Niko chini hapa kwa gari!"

"Tulia, usijizimishe. Nakuja."

Kujizimisha ni kushikilia kitufe ili ufe haraka utokee upya, na wasio na subira hufanya hivyo. Akisubiri ana sekunde chache. Natupa bomu la moshi, nakimbia nimeinama, nafika. Hapa ndipo penye kitu kipya. Zamani ungelazimika kupiga magoti palepale, katikati ya mtaa, uombe Mungu. Sasa ninaposhikilia kitufe, mkono wangu unaingia kwenye picha, unakamata ukanda wa fulana yake ya kijeshi begani, na ninaanza kumvuta kinyumenyume huku matibabu yakiendelea. Miguu yake inaburuzika. Naona uso wake, anahema, anatazama juu. Siwezi kupiga risasi. Dunia yote ya gemu ambayo sekunde moja iliyopita ilikuwa mtutu na alama ya shabaha imegeuka kuwa mkono, ukanda na mtu. Tunaingia nyuma ya ukuta, duara linajaa, anasimama.

Nimecheza gemu za bunduki tangu enzi za mashine za diski na sijawahi kupewa picha ile. Mtengenezaji aliyeiweka anastahili heshima. Gemu ya kuona kwa macho ya askari ina tabia moja mbaya: kila kilicho mbele ya macho hayo kinakuwa shabaha au kizuizi. Kwa sekunde tatu nne, hapa, kilicho mbele ya macho ni mtu unayemhitaji.

Mengine ya gemu nitayasema kwa ufupi. Sehemu ya hadithi, inayofuata kikosi cha Marekani kiitwacho Dagger 13 kikipambana na jeshi la kukodiwa la Pax Armata miaka michache ijayo, inakwisha kwa saa chache na haikuniachia jina hata moja la kukumbuka. Viwanja vingi vilivyotoka mwanzoni ni vidogo kuliko jina la Battlefield linavyoahidi. Bonde la Mirak, huko Tajikistan, na Operation Firestorm, iliyorudishwa kutoka Battlefield 3 ya mwaka 2011, ndivyo vyenye nafasi ya kupumua. Ndege za helikopta sikuwahi kuzizoea.

Kuna kasoro kubwa zaidi, nayo haikunisumbua mwanzoni. Mji ule wa Cairo hauna watu. Brooklyn haina watu. Madaftari yako mezani, nguo zimeanikwa, mikate iko kwenye rafu ya duka, na hakuna mwenye duka. Anayekuwepo ni mwenye bunduki tu. Hili si geni kwetu. Mwaka 2008 Ubisoft ya Montreal ilitoa Far Cry 2, gemu ya bunduki iliyowekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye mbuga, vumbi jekundu na vijiji ambavyo mtu wa kanda yetu anavitambua mara moja. Ilikuwa kazi ya kijasiri: mchezaji anaugua malaria na kutafuta dawa, bunduki zinaota kutu na kukwama katikati ya pigano, rafiki anakuja kukukokota unapozidiwa. Lakini vijiji vyake karibu vyote vilikuwa vitupu. Vyombo vipo, wapishi hawapo.

Tarehe 28 Oktoba 2025 watengenezaji walitoa REDSEC, sehemu ya bure ya Battlefield. Kesho yake ilikuwa siku ya Uchaguzi Mkuu, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilibaki hivyo kwa siku kadhaa. Watu walipoteza maisha katika siku zile, na sisi tuliokuwa mbali na matukio tulizipata habari kwa mdomo, nusunusu, kila mmoja akijaribu kumpigia ndugu yake wa Dar, Arusha au Mwanza. Sikuwa na hamu ya mlio wowote wa risasi, hata wa kutengenezwa. Ndani ya kimya kile nilirudi kwenye vitabu, na kitabu nilichokitoa rafuni kilikuwa cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala mwenyewe alizaliwa mwaka 1917. Nikajiuliza mama yake alimlisha nini.

Kwa sababu vita vimewahi kufika hapa. Aprili 1916 jeshi la Waingereza lililoongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini liliteremka kutoka Arusha katikati ya masika na kuingia Kondoa. Farasi walikufa njiani kwa wingi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishambulia Kondoa akashindwa kuitwaa. Julai 29 Waingereza wakaiteka Dodoma na reli yake ya kati. Battlefield 1, iliyotoka mwaka 2016 kusimulia Vita Kuu ya Kwanza, ilipeleka wachezaji Sinai, Gallipoli na Ufaransa. Kwetu haikufika, wala sidhani ingejua ifanye nini hapa. Maana vita hivi vilikuwa na mizinga michache na migongo mingi. Barabara hazikuwepo, mbung'o waliua punda na ng'ombe wa kukokota, hivyo kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani kwa mtu. Kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, wakiwa wamebeba chakula.

Waliobaki vijijini Ugogo walikumbwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi yote mawili, kwa zamu, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua wanaume wa kulima. Mvua ikakatika. Kuanzia 1917 hadi 1920 watu walikula mizizi na ngozi, na wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa majirani ili wapate kuishi. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa undani, anakadiria kuwa katika watu wapatao 150,000 wa eneo hili walikufa 30,000. Mmoja kati ya watano. Hapakuwa na pigano lolote katika Dodoma lililoua idadi inayokaribia hiyo.

Ukienda Dar es Salaam, pale mjini kati, utaiona Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Amesimama peke yake, singe mbele, anaelekea bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pamoja na askari, lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki. Nairobi walichonga na mpagazi pia. Kila nikiitazama ile ya Dar siku hizi naona ndiyo gemu ya bunduki kabla ya kompyuta: unapewa mtutu, na kila kilichoufikisha mtutu pale kimeondolewa kwenye picha.

Intaneti iliporudi sikufungua Battlefield mara moja. Nilipoifungua, nilikuta jicho langu limehamia kwenye mfuko. Nautupa chini, wenzangu wanajaa risasi, nangoja kidogo, nautupa tena. Umetoka wapi? Haukauki. Haupungui uzito. Hakuna aliyeuleta hadi kwangu. Gemu iliyopiga hatua kubwa hivi kwa aliyeanguka imemwacha aliyebeba mahali palepale alipoachwa mwaka 1927, na mimi naona hiyo ndiyo hatua inayofuata kwa mtu yeyote atakayetaka kutengeneza vita vya kanda hii kwenye kioo. Akianza na bunduki atakuwa ametengeneza kitu kingine.

Gemu yenyewe imeacha mlango wazi kidogo. Ina sehemu inayoitwa Portal, ambamo mchezaji anaweza kupanga vitu upya kwenye viwanja vilivyopo kwa kutumia kihariri kilichojengwa juu ya Godot, programu huria inayotumiwa na vijana wengi wanaojifunza kutengeneza gemu, na kuandika kanuni zake mwenyewe za ushindi. Mimi na ndugu yangu wa Muscat tumeanza. Tumechukua uwanja wa milimani, Liberation Peak, kwa sababu majabali yake yanakaribiana na yale unayoyaona ukipanda barabara ya Kondoa. Kuua hakuna alama. Alama zinatoka kwa kuinua, kwa kugawa risasi, na kwa kufikisha watu wanne hai kwenye kituo cha juu. Wachezaji wa kwanza kuingia walitoka upesi, wakaja wengine waliokaa.

Tunachobishania sasa ni adhabu. Yeye anataka mtu akifia chini bila kufikiwa na mwenzake yeyote, kikosi kizima kipoteze alama. Mimi nakubali, ila nasema iwe kubwa, iumize. Yeye anahofia watu watakimbilia mwili mmoja wote wanne na kulazwa pale kwa bomu moja, jambo ambalo tayari limetokea kwenye majaribio. Nimemwambia hilo ndilo la kufundishana: moshi kwanza, mmoja aende, watatu walinde. Kwa sasa tumeiweka alama tano, na Ijumaa usiku, intaneti ikiruhusu, tutaipandisha hadi kumi.